Je, Wajua? Harusi ya kifalme mgongoni mwa karata

JE, WAJUA kwamba mwaka 1893 watengenezaji karata wa London walitoa jozi ya kuadhimisha ndoa ya George, Duki wa York, na Mary wa Teck? Chama chao kilipewa hati na Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1628, na tangu 1882 hutoa jozi ya ukumbusho kila mwaka.

JE, WAJUA kwamba bibi harusi huyo alikuwa kwanza mchumba wa kaka yake bwana harusi? Mwanamfalme Albert Victor alimposa Desemba 1891. Hata miezi miwili haikupita. Mafua makali yaliyogeuka nimonia yakamwua tarehe 14 Januari 1892, harusi ikiwa tayari inapangwa. Mdogo mtu ndiye aliyekuja kumposa, wakafunga ndoa 6 Julai 1893. Ukiujua msiba huo, karata hizi huzioni tena kuwa za kuchezea tu.

Bwana harusi alitawazwa kuwa George wa Tano. Kichwa chake ndicho kilichokuwa kwenye shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumika mwaka 1921.

JE, WAJUA kwamba zamani migongo ya karata za Uingereza ilikuwa mitupu? Doa dogo tu lilitosha kumwonyesha mjanja karata ya mwenzake. Uchapaji wa rangi ndio uliofungua nafasi ya mapambo na kumbukumbu. Thomas de la Rue alipata hataza ya kuchapa karata mwaka 1831. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kuchapa noti za Kenya kwa miaka mingi.

JE, WAJUA kwamba ree ya shupaza iliwahi kumnyongesha mtu? Ilikuwa ushahidi kwamba kodi ya karata imelipwa, na kuighushi kulikuwa kosa la kifo. Richard Harding alinyongwa kwa kosa hilo mwaka 1805. Mwaka 1862 kodi ilishushwa hadi peni 3 kwa jozi, alama yake ikahamia kwenye karatasi ya kufungia. Kodi hiyo ilifutwa kabisa mwaka 1960.

Kwa hiyo ukikuta jozi kuukuu kwenye sanduku la babu, usiitupe karatasi yake. Hesabu karata zote, kisha zigeuze usome mgongo kabla hujampa mtu yeyote.