Kalemie: Mbele ya kulaumu rezo, angalia kwanza ruta yako

Kila jioni, kunako saa moja, wifi ya nyumba yetu hapa mtaani Kataki huanza kuchoka. Tunaitumia pamoja na majirani wa nyumba nne, kila mmoja anatoa mchango wake kwa mwezi. Ni wakati huo mama mkubwa anamwita mwanawe aliyebaki Bukavu, na ni wakati huo sauti inakatika. "Unasema nini? Rudilia!" Anarudilia mara tatu, kisha anaweka telefone chini.

Kwa wengi hapa Kalemie, simu ya namna hiyo si mchezo. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025, familia nyingi zilikimbia, zingine zikafika hapa kwa mashua kutoka upande wa Uvira, zikiacha watu wao nyuma. WhatsApp ndiyo inawaunganisha. Rezo ikizorota, lawama inaenda kwa kampuni ya simu ao kwa setelite. Kile kisanduku kidogo chenye taa za kijani ukutani, yaani ruta, hakuna anayekishuku.

Na visanduku hivyo vinazidi kubeba watu wengi. Mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano inchini, ARPTC, ilikataza Starlink mwezi wa tatu 2024, kisha ikaipa ruhusa mwezi wa tano 2025. Kisahani kimoja kinaweza kulisha nyumba kadhaa. Wengine wanagawana modemu ya 4G ya Vodacom, Airtel ao Orange. Mwishoni wote wanapita kwenye ruta moja.

Kijana mmoja wa jirani, fundi wa telefone, ndiye alinipa shauri linalozunguka sana kati ya vijana: "Yaya, ingia ndani ya ruta, zima hizo QoS zote. Zinakula mwendo." QoS ni herufi zinazosimamia ubora wa huduma, yaani kanuni za kuamua nani apite kwanza. Nilimsikiliza. Nikazima kila nilichokiona, pamoja na kile kinachoitwa WMM. Kompyuta yangu, ambayo kwa kawaida inaandika kwamba imeunganishwa na ruta kwa megabiti 144 kwa sekunde, ikaandika 54. Nikawasha tena, 144 ikarudi. Nikajaribu mara ya tatu, maana mpashaji habari haamini mara mbili tu.

Sababu iko kwenye historia ya wifi yenyewe. WMM ilitoka 2004, na kanuni kubwa inayoizaa, 802.11e, ilipitishwa 2005. Wakati kanuni ya 802.11n ilipopitishwa 2009, mwendo wake mkubwa ulijengwa juu ya msingi huo. Chombo kikikuta WMM imezimwa, kinarudi kwenye lugha ya zamani ya mwaka 2003, ambayo kikomo chake ni 54. Na hiyo 54 ni ya karatasi: mzigo unaopita kweli ni nusu yake ao chini ya hapo.

Tofauti kubwa iko katika kufunga mzigo. Kwenye wifi ya zamani, kila paketi inasafiri peke yake: inangoja hewa inyamaze, inajitambulisha, inapita, inangoja jibu la kupokelewa. Ni kama kubeba dagaa kutoka bandarini mmoja mmoja. Wifi mpya inajaza gunia zima na kungoja jibu moja tu. Zima WMM, umetupa magunia.

Niseme ukweli: mwenye modemu inayoleta megabiti 5 tu anaweza asione tofauti akiwa peke yake, kwa sababu mlango wa nje ni mwembamba kuliko hata wifi ya zamani. Lakini mwenye kisahani cha setelite kinacholeta 100 ataona nusu ya pesa yake na zaidi ikipotea ukutani. Kwa hiyo WMM iache iwake.

Lakini WMM peke yake haikumsaidia mama mkubwa. Inapanga foleni nne hewani, za sauti, video, mambo ya kawaida na mambo yasiyo na haraka, na sauti inangoja kidogo kuliko zingine. Shida ni kwamba paketi lazima ziwe na alama, na nyingi zinafika bila alama ao alama imefutwa njiani. Zaidi ya hapo, msongamano wetu haukuwa hewani. Ulikuwa kwenye mlango wa kutoka.

Tuchukue mfano. Jirani anatuma video, ao telefone yake inapandisha picha zote bila yeye kujua. Tuseme njia ya kupandisha inabeba megabiti 2 kwa sekunde, na modemu imekubali kuweka megabaiti 1 kwenye foleni yake. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Sauti inayofika nyuma ya foleni hiyo itangoja sekunde 4. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri. Hesabu mwenyewe.

Mhandisi Mmarekani Jim Gettys aliipigia kelele shida hiyo ya foleni zilizovimba tangu miaka ya 2010 na 2011. Mwaka 2012, Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa dawa, programu iitwayo CoDel, ambayo aina zake ziko sasa ndani ya ruta nyingi, hasa zile zenye OpenWrt.

Hapo ndipo QoS ya pili inaingia, ile inayokuuliza njia yako ina megabiti ngapi za kushuka na ngapi za kupanda. Ukiandika 2 wakati una 20, ruta itakukata kwenye 2, na kijana wa jirani atakuwa amesema kweli. Ukiandika 100 wakati una 10, haitafanya kitu, maana foleni itavimba kwenye modemu, mbali na macho yake. Tulipima jioni, saa ya watu wengi, siku tatu, tukaandika kama asilimia 85 ya kile tulichokipata. Yaani tunapoteza kidogo kwa kupenda, ili foleni ibaki ndani ya ruta inayojua kugawa zamu.

Dawa hiyo ina mipaka. 4G na setelite hazina mwendo mmoja usiku na mchana, basi namba inazeeka na inabidi kupima tena. Ruta za bei ndogo zinachoka zikipewa kazi hiyo kwenye njia ya megabiti nyingi. Na hakuna QoS inayoongeza hata megabiti moja.

Jioni ile mama mkubwa alizungumza na mwanawe dakika 40 bila kusema "rudilia". Kisha jirani wa nyumba ya tatu akagonga mlango. Alitaka kujua kwa nini filamu yake, ambayo kila siku inamalizika kushuka mbele ya chakula, ilikuwa bado iko nusu.