Kafia Uwanjani. Mdogo Wake Mmempima?

Kijana akianguka uwanjani na kufa, simu yangu huanza kuita kabla matanga hayajaanuliwa. Swali ni lile lile: "Daktari, huyu kafanyiwa na nani?" Wanaouliza si watu ambao hawakuona mlango wa shule. Ni walimu wa michezo, makocha wenye leseni, wahasibu, na safari moja mtangazaji aliyetaka jibu la sentensi moja kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Jibu la sentensi moja ninalo: hakuna aliyemfanyia. Ila nikishalitoa, mtu hunishukuru kwa adabu, anakata simu, kisha anampigia mganga. Sasa naandika mara moja, kwa urefu, na safari nyingine nitakuwa nawatumia ukurasa huu.

Simcheki mfiwa. Mzazi aliyemwona mwanawe akitoka na begi la viatu saa tisa, akaletewa habari ya kifo saa kumi na moja, lazima atafute mtu wa kumshika shati. Ugonjwa wa muda mrefu huwapa watu nafasi ya kuagana. Huu haumpi mama hata nafasi ya kujifunga kanga. Akitajiwa mtu wa kumchukia, kwa siku chache anapata pa kuegemea. Hayo nayaelewa. Kinachonikera ni yale yanayofuata.

Hoja ya kwanza ya wanaosema marehemu katolewa kafara ni kwamba alikuwa mzima, "Jumapili tu kacheza dakika tisini." Marc-Vivien Foé wa Cameroon alikuwa amecheza ligi kuu za Ufaransa na Uingereza kwa miaka, Lyon, West Ham, Manchester City, alipoanguka bila kuguswa na mtu mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, dakika ya 72 ya nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Alikuwa na miaka 28. Ugonjwa uliotajwa ni ule wa ukuta wa moyo kunenepa kupita kiasi. Hauhitaji presha wala kitambi, na mtu mmoja hivi katika kila 500 anao. Mwenye nao anaweza kukimbia na kufunga mabao miaka nenda miaka rudi bila kuhisi lolote, kisha siku moja umeme wa moyo wake ukavurugika pale pale anapokimbia kwa nguvu zote. Kufa akiwa katika kiwango chake bora ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Hakuna fumbo la kupeleka kwa mganga hapo.

Hoja ya pili: "Hospitali walimpasua, hawakuona kitu." Pengine ni kweli hawakuona. Yapo magonjwa ya umeme wa moyo ambayo hayaachi alama yoyote: misuli ni mizima, mishipa iko wazi, valvu hazina kasoro. Fungua redio iliyonyamaza kwa sababu umeme umekatika, utakuta kila waya mahali pake. Kwa maiti kama hiyo, ushahidi uliobaki uko kwa ndugu zake walio hai.

Na hapo ndipo inapokuja hoja ya tatu, ile inayonifanya nishindwe kukaa kitini. "Mbona na kaka yake alikufa hivi hivi? Ukoo huu una mkono wa mtu." Nikiwauliza taratibu, habari hutoka moja baada ya nyingine. Kaka alianguka kwenye mchakamchaka asubuhi. Mjomba alizama ziwani ingawa alikuwa mvuvi na aliogelea tangu utotoni. Binti wa shangazi ana kifafa, lakini kifafa cha ajabu, humjia akikimbia au akishtushwa na kengele usingizini. Wao wanayasimulia haya kama ushahidi wa uchawi. Mimi nikiyasikia nataka kusimama na kuita gari la wagonjwa, kwa sababu huo ni ugonjwa wa kurithi unaosimulia historia yake kwa mdomo wa ukoo. Mmoja wa magonjwa haya ya umeme wa moyo hupenda kumpata mtu akiwa majini. Mwenzake huamshwa na sauti ya ghafla. Mtoto akipoteza fahamu na kutikisika kwa sekunde chache, majirani wanasema kifafa, na kuna wanaomeza dawa za kifafa kwa miaka bila mtu hata mmoja kuwapima moyo.

Mengi ya magonjwa haya yakiwa kwa mzazi mmoja, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuyarithi. Sasa fikiria familia yenye watoto watano, mmoja kafia uwanjani. Fedha zilizochangwa msibani zinanunua mbuzi mweusi na nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa nyota. Mdogo wa marehemu anachanjwa chale kifuani, anafungwa hirizi kiunoni, anaambiwa sasa yuko salama. Mwezi unaofuata anapewa jezi ya kaka yake ili amuenzi. Hakuna aliyemwekea waya za ECG kifuani, kipimo cha umeme wa moyo cha dakika chache kisichochoma wala kuuma.

"Lakini daktari, tangu tufanye kinga hajafa mwingine." Nawaomba mfanye hesabu. Kati ya wanamichezo wa vyuo vya Marekani, ambako vifo hivi vimehesabiwa kwa makini, moyo huua ghafla takriban mmoja kati ya 50,000 kwa mwaka. Timu yenu ina watu 25. Hata ningewauzia maji ya bomba kama kinga, mngekaa msimu baada ya msimu bila msiba na mngeniletea wateja. Kamati za ufundi za klabu zetu, zile za kushughulikia uchawi, zimejengwa juu ya hesabu hiyo hiyo, na Bodi ya Ligi inaendelea kuzitoza klabu faini kwa mambo ya kishirikina bila dalili kwamba kuna anayeona haya.

Tena niambieni, ni uchawi gani unaokimbia ukigongwa na umeme? Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka akiichezea Bolton jijini London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Walimkandamiza kifua na kumshtua kwa mashine, na daktari wa moyo aliyekuwa jukwaani kama shabiki akashuka kusaidia. Muamba yu hai. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, akashtuliwa hapo hapo kwenye nyasi, akapandikizwa kifaa kifuani, na Februari 2022 akarudi ligi kuu akiwa na Brentford. Hao hawakupewa maji ya dawa. Walipewa watu waliojua cha kufanya na mashine iliyokuwa karibu.

Nyumbani, swali la "nani" tunajua linakoishia. Kanda ya Ziwa limewafikia vikongwe ambao kosa lao ni macho mekundu kwa moshi wa kuni. Msibani hugawanya ukoo: upande wa baba wanakula kwao, upande wa mama kwao, na ikifika arobaini hawaamkiani. Na kuna mtu mmoja ambaye huwa sisikii akiulizwa hali: yule kijana wa timu pinzani aliyegongana na marehemu sekunde chache kabla hajaanguka. Ana miaka kumi na minane, na mtaa mzima umeshaamua kwamba ndiye aliyetumwa. Mara nyingi kugongana kule hakukuwa na lolote. Hata pale pigo la kifua linapousimamisha moyo, jambo ambalo hutokea kwa nadra sana, ni pigo lililoangukia nukta ndogo mno ya mapigo, na hakuna anayeweza kulilenga. Nendeni mkamwambie hivyo, mkifuatana na mzazi wa marehemu ikiwezekana.

Anayesema ni mapenzi ya Mungu simgombezi. Imani hiyo imewasimamisha wafiwa wengi kuliko vidonge vyangu, na haimkatazi mtu kumpima mtoto aliyebaki.

Haya, ya kufanya, na nitakwenda mbio. Kama maziko hayajafanyika, ombeni uchunguzi wa mwili. Kama familia haitaki, na zinazozika siku hiyo hiyo mara nyingi hazitaki, basi msibishane kaburini. Hamieni kwa walio hai. Wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wa marehemu wapimwe ECG na ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kwa daktari anayejua mioyo ya wanamichezo, maana karatasi ya mkimbiaji wa Kiafrika mwenye afya inaweza kumtisha asiyeizoea. Kipimo safi leo si cheti cha maisha, kuna magonjwa ya kurudiwa kupimwa. Atakayekutwa na tatizo huenda akahitaji vidonge vya kila siku tu, au kifaa, au kuacha mashindano. Kijana mwenye homa asikimbizwe. Virusi navyo hushambulia moyo.

Wachezaji wenzake waambieni ukweli kikaoni, kwa maneno ya kawaida, siku ile ile. Anayetaka kulia alie, anayetaka kucheza acheze, "jikaze wewe mwanaume" liacheni. Futeni video. Kijana wa Mbao FC alipofariki katika mechi ya ligi ya vijana pale Kaitaba, Bukoba, Desemba 2016, mechi ambayo alikuwa amekwisha kufunga bao, picha za dakika zake za mwisho zilizunguka dunia nzima. Mchezaji anayezirudia picha za namna hiyo usiku halali, na asipolala ataanza kuusikia moyo wake ukidunda na kuamini zamu yake imefika. Mpimeni, mwonyesheni majibu, kisha mrudisheni mazoezini kidogo kidogo. Mwezi ukipita hali wala halali, mtafutieni mshauri nasaha. Akisema anataka kumfuata mwenzake, msisubiri hata saa moja.

Na mchezaji akianguka bila kuguswa, haitiki, anakoroma kwa vipindi, huo ni moyo uliosimama. Acheni kuhangaika na ulimi, na kijiko kirudisheni jikoni. Bonyezeni katikati ya kifua, sentimita tano kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, huku mwingine akitafuta mashine ya kushtua moyo. Kila dakika ikipita bure, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10.

Wewe uliyezika kijana namna hii, hata kama ni miaka mitano iliyopita, nenda na watoto waliobaki Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, au Bugando, au KCMC, kokote kuliko karibu nawe. Chukua karatasi moja, andika majina ya wote wa ukoo waliokufa ghafla kabla ya miaka 50, umri wao na walikuwa wakifanya nini. Usimwache yule aliyezama.