Nuru Iliyokusanywa Kidogo Kidogo

Tuseme kijana wa Siakago anamwonyesha mama yake picha ya anga: wingu jekundu, na katikati nyota zinang'aa. Mama anatoka uani, anatazama juu, haoni wekundu wowote. Anauliza, "Mwanangu, rangi hii si umeipaka wewe?" Swali hilo ni zito, maana linahusu ukweli.

Wingu hilo limo katika kundi la Orioni, ambalo hata kitabu cha Ayubu hulitaja. Kwa kuwa Siakago iko karibu na ikweta, jioni za Januari na Februari Orioni hupita karibu na utosi. Kusini kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari, utaona kama ukungu mdogo. Ni gesi na vumbi, na humo nyota changa huzaliwa. Nuru yake husafiri miaka 1,300 hivi kabla ya kutufikia.

Gizani jicho letu halitambui rangi vizuri, wala haliweki akiba ya nuru. Kamera huweka. Mwaka 1880 Henry Draper wa Marekani alilipiga wingu hili picha ya kwanza. Mwaka 1883 Andrew Common wa Uingereza alinasa nyota ambazo jicho halikuziona hata kwa darubini.

Je, kijana asiye na mtambo wa kufuata nyota hufanyaje? Huisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, akapiga picha za sekunde 5 tu, kwani dunia huzunguka na nyota zingeacha mkia. Hupiga 200. Kisha hufunika lenzi na kupiga chache za giza tupu, ili ajue madoa ya kamera yenyewe na kuyaondoa. Kompyuta huzipanga picha zote, nyota juu ya nyota. Chenga zisizotulia hufifia; nuru ya kweli hubaki. Haba na haba hujaza kibaba. Mwisho hukoleza sehemu hafifu, akichunga katikati pasiungue kwa weupe.

Basi mama ajibiwe nini? Wekundu ule ni wa gesi ya haidrojeni inayowashwa na nyota changa. Kuudhihirisha si uongo. Kuongeza nyota isiyokuwapo, au kufuta iliyopo, huo ndio uongo. Kijana na aseme wazi: "Mama, sikuipaka. Niliikusanya, kisha nikaikoleza."

Mtu mkweli hueleza alichokikuta, na pia alichokifanya.