Mwanafunzi wa Kwa Vonza na Ilimu ya Nyota

Wako wanaodhani ya kuwa utafiti wa nyota ni kazi ya mabingwa wenye darubini kubwa, na kwamba mwanafunzi wa sekondari autamaniye hana budi kungoja shahada. Dhana hiyo naikataa, na hoja yangu ni John Goodricke wa York, Uingereza, kiziwi tangu utotoni, ambaye kuanzia mwaka 1782, akiwa kijana wa miaka 18, aliikazia macho nyota iitwayo Algol, akailinganisha usiku baada ya usiku na nyota jirani zake, hata akathibitisha kuwa kila baada ya siku 2 na takriban saa 21 nuru yake hufifia kwa muda wa saa chache, kisha hurejea kama awali. Hakuridhika na hesabu peke yake. Alitafuta sababu, akasema yamkini liko umbo la giza liizungukalo na kuikinga. Vipimo vya nuru viliithibitisha kauli yake mwaka 1889, naye alikwisha fariki zamani, akiwa na miaka 21 tu.

Algol huonekana Kwa Vonza, Kitui, bila ya chombo chochote. Mwezi wa Januari, mvua za vuli zikiisha na mawingu yakitawanyika, iko upande wa kaskazini mara giza liingiapo. Tena, kwa kuwa Kitui i karibu mno na Ikweta, mwenyeji wake hujaliwa, mwaka ukizunguka, kuziona takriban nyota zote za kaskazini na za kusini, neema ambayo Goodricke hakuipata.

Wala ilimu hii si ngeni nchini Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, katika sikukuu ya uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, ya kwanza kuundwa mahususi kwa kupima eksirei zitokazo mbinguni. Ilidhihirisha kuwa chanzo cha eksirei kiitwacho Centaurus X-3 hupatwa kila baada ya siku 2 na saa 2 hivi, kikifunikwa na nyota mwenziwe: hoja ile ile ya kijana wa York.

Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kimo Kwa Vonza hapo hapo. Nawasihi walimu wake wa sayansi, pamoja na walimu wa sekondari za Kitui na Makueni, wampe mwanafunzi aulizaye daftari, saa, na ruhusa ya kusimama uwanjani baada ya masomo ya jioni, aandike tarehe, wakati, na nyota ipi Algol imelingana nayo. Kisha wayasome maandiko yake kwa makini, kama wasomavyo ya mtafiti mwenzao.