Rangi ya Bahari Isiingie Mindu

Boti ya faiba iliyochakaa baharini ikipakiwa kwenye lori Dar es Salaam na kuletwa Morogoro, safari ya kilomita kama 190, huja na rangi yake ya chini, mara nyingi nyekundu, buluu au nyeusi. Asiyejua atadhani ni pambo. Rangi ile ni sumu iliyowekwa makusudi: ina oksidi ya shaba inayotoka kidogo kidogo ili mwani na viumbe wenye magamba wasigande kwenye boti. Wazee wa pwani walitumia deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Kabla ya kuipaka, maji yakishakupwa, walikilaza chombo ubavu na kulichoma tumbo lake kwa makuti yanayowaka, kuwaua wadudu wanaotoboa mbao.

Bwawa la Mindu, hapa Morogoro, halina viumbe wale wa baharini wenye magamba, kwa hiyo sumu hiyo haina kazi kubwa pale. Madhara ndiyo mengi. Maji ya Mindu ndiyo yanayonywewa na sehemu kubwa ya mji, na humo ndimo wanamovuliwa perege na kambale. Shaba haiozi, ikizama hukaa topeni, na ikiwa nyingi majini huharibu mashavu ambayo samaki huvutia pumzi. Boti ibanduliwe kabla ya kugusa bwawa, tena ibanduliwe mbali na ukingo.

Kazi hii hapa kwetu ataitiwa fundi rangi wa magari. Mkono wake ni mzuri, ila mazoea ya gereji yatamponza. Chini ya rangi ya gari kuna bati. Chini ya rangi ya boti kuna jelikoti, ngozi laini ambayo unene wake kwa kawaida haufiki milimita moja, na ndiyo inayozuia maji yasifike kwenye nyuzi za faiba. Nimeona boti iliyopitishwa grenda asubuhi moja tu. Kufikia mchana nyuzi zilikuwa nje, na kuziba pale kuligharimu zaidi kuliko rangi yote. Moto nao ni wa mbao: faiba hulainika na kutoa moshi mbaya. Dawa kali ya kubandulia rangi ya gari haibagui, inakula rangi na jelikoti pamoja.

Tandika turubai pana chini ya boti. Anza na skrepa iliyopigwa tupa pembe zake zikawa duara, isije ikachimba. Rangi iliyolegea itatoka kwa maganda. Inayobaki isugue kwa msasa wa maji namba 80 uliofungwa kwenye kibao, ukilowesha kila mara. Kulowesha ndiko kunakookoa mapafu, maana vumbi kavu la rangi hii halifai kuvutwa hata kidogo. Vaa glavu, miwani na barakoa yenye chujio, kitambaa hakitoshi. Sugua eneo la shubiri moja moja, na jelikoti, ambayo mara nyingi ni nyeupe, ikianza kuchungulia, acha hapo hapo hata kama madoa yamebaki.

Usifanye kazi hii masika, boti haitakauka. Maji baridi hupenya faiba kwa urahisi kuliko maji ya chumvi, na boti iliyozoea bahari inaweza kuota malengelenge ikihamia bwawani. Ibandue Juni, iache juani wiki kadhaa ikauke hadi ndani, kisha ipake epoksi, tabaka juu ya tabaka.

Maganda na maji machafu ya msasa yakusanye kwenye ndoo yenye mfuniko. Usiyamwage mtaroni, wala maganda usiyachome. Mto Ngerengere unaoshuka kutoka Uluguru na kuijaza Mindu huendelea hadi Ruvu, na maji ya Ruvu husafishwa yakanywewa Dar es Salaam kule boti ilikotoka. Funika ndoo, iandike "sumu", kisha waulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, pa kuipeleka.