TARAKILISHI ZA MITUMBA: Kati ya Core 2 Duo na Core i3, ipi yamfaa mwenye mfuko mdogo?

KATIKA maduka ya tarakilishi zilizotumika jijini Nairobi, hasa yale ya barabara za Luthuli na Moi, mnunuzi huweza kuonyeshwa mashine mbili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili.

Zote mbili zilitumika katika ofisi za ng'ambo kabla ya kusafishwa na kuletwa nchini. Kibandiko cha moja kinasema Core 2 Duo, gigahezi 3.0. Cha nyingine kinasema Core i3, gigahezi 3.1. Hii ya pili bei yake imepanda kidogo.

Hapo ndipo mnunuzi hukuna kichwa. Anaongeza pesa kwa ajili ya nini, iwapo tofauti ya kasi ni sehemu moja tu ya kumi ya gigahezi?

Swali hilo si dogo kwa mzazi ambaye mwanawe ameingia chuo kikuu, wala kwa kijana anayefungua saiba ya kuwahudumia wanaojaza fomu za HELB, KUCCPS na eCitizen. Pesa anazotakiwa kuongeza zingeweza kulipia intaneti au karatasi za printa. Na akinunua mashine isiyofaa, huenda asipate fedha za kurudi sokoni kwa miaka kadhaa.

Ili kupata jibu, inafaa kulinganisha prosesa mbili zilizoenea mno katika mashine za aina hiyo: Core 2 Duo E8400 na Core i3-2100. Zote ni kazi ya kampuni ya Intel ya Marekani.

E8400 iliingia sokoni Januari 2008. Bei yake kwa wauzaji wa jumla ilikuwa dola 183. Nayo i3-2100 ilitolewa Februari 2011 kwa dola 117. Hivyo basi, ile ambayo leo huuzwa kwa bei ya chini ndiyo iliyokuwa ghali zaidi ilipokuwa mpya.

Kila moja ina viini viwili vya kufanyia kazi, na kila moja imekadiriwa na mtengenezaji kuwa na kiwango cha joto cha wati 65. Kwenye karatasi, hizi ni ndugu wa toka nitoke. Undani wake, hata hivyo, ni tofauti kabisa.

Mtego wa gigahezi

Gigahezi ni hesabu ya mapigo. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni tatu kila sekunde. Lakini hesabu hiyo haisemi lolote kuhusu kazi inayotimizwa katika kila pigo.

Mfano mwafaka ni wa mafundi wawili wa cherehani wanaokanyaga pedali kwa kasi moja. Ikiwa mmoja anashona mshono mrefu zaidi kila anapokanyaga, jioni atakuwa amemaliza nguo nyingi zaidi, ingawa miguu yao ilikwenda sawia.

Ndivyo ilivyo hapa. Kati ya mwaka 2008 na 2011 wahandisi wa Intel walibadilisha namna prosesa inavyosoma, kupanga na kutekeleza maagizo. Katika kazi inayotumia kiini kimoja tu, i3-2100 huishinda E8400 kwa zaidi ya robo, licha ya kwamba gigahezi zao zinakaribiana mno.

Kwa hivyo, gigahezi hufaa kulinganisha prosesa za kizazi kimoja. Kuzitumia kulinganisha vizazi tofauti ni kujidanganya.

Mtego wa kache

Muuzaji mjuaji anaweza kumwambia mteja kwamba E8400 ina kache ya megabaiti 6, ilhali i3-2100 ina megabaiti 3 pekee. Anayoyasema ni kweli, lakini si kweli yote.

Kache ni ghala dogo lililo ndani ya prosesa. Mpishi huweka chumvi na viungo mezani ili asilazimike kwenda stoo kila mara. Prosesa nayo huweka karibu data inayoihitaji mara kwa mara. Stoo yenyewe ni RAM.

E8400 ilihitaji meza kubwa kwa sababu stoo yake ilikuwa mbali. Kifaa kinachosimamia RAM hakikuwa ndani ya prosesa, bali kilikuwa kwenye chipu nyingine katika bodi kuu. Data yote ilipita katika njia moja yenye uwezo wa takriban gigabaiti 10.6 kwa sekunde.

Katika i3-2100, msimamizi huyo wa RAM yumo ndani ya prosesa yenyewe. Ikiwekewa vipande viwili vya RAM aina ya DDR3 vya kasi ya 1333, uwezo wa njia hiyo hufikia takriban gigabaiti 21 kwa sekunde. Stoo ikiwa mlango wa pili, meza ndogo haimsumbui mpishi.

Hapa pana funzo kwa anayenunua i3: gigabaiti 8 za RAM katika vipande viwili vya gigabaiti 4 ni bora kuliko kipande kimoja cha gigabaiti 8, kwa kuwa kipande kimoja hufungua nusu tu ya njia hiyo.

Nyuzi nne dhidi ya mbili

Tofauti nyingine ni teknolojia ambayo Intel huiita Hyper-Threading. Kwa kuitumia, kila kiini cha i3-2100 hushughulikia nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja. Uzi mmoja unaposubiri data, mwingine huendelea. Mfumo wa tarakilishi huona nyuzi nne, ilhali kwa E8400 huona mbili tu.

Hili halina maana kwamba i3 ina viini vinne halisi. Hata hivyo, katika kazi zinazogawika, kama vile kubana faili au kubadilisha muundo wa video, i3-2100 hutimiza takriban mara moja na nusu ya kazi ya E8400 katika muda ule ule.

Mwanafunzi aliyefungua kurasa kumi za wavuti, waraka wa utafiti na mhadhara wa video kwa pamoja ataona tofauti hiyo. Kurasa za siku hizi zimesheheni programu ndogondogo zinazofanya kazi chinichini, na nyuzi mbili hulemewa upesi.

Picha na video

E8400 haina uwezo wa kuchora picha kwenye kioo. Kazi hiyo huachiwa chipu ya bodi kuu au kadi ya ziada. Kwa upande wake, i3-2100 imejengewa ndani kitengo cha picha kiitwacho HD Graphics 2000, chenye sehemu maalumu ya kufungua video za muundo wa H.264.

Hata hivyo, hakuna kati ya hizo mbili inayoweza kufungua kwa njia hiyo miundo mipya ya VP9 na AV1 ambayo hutumika sana kwenye YouTube. Video za miundo hiyo hufunguliwa na viini vyenyewe kwa jasho. Kwa i3, video ya kiwango cha wastani hupita bila taabu. Kwa E8400 iliyofunguliwa mambo mengine, picha huanza kukwamakwama.

Umeme

Kiwango cha wati 65 kisimpumbaze mnunuzi. Hicho ni kipimo cha joto ambalo feni inapaswa kuliondoa kazi inapozidi, wala si kipimo cha umeme unaotumika kila saa.

Mashine yenye E8400 ina mzigo wa ziada, yaani ile chipu ya nje ya kusimamia RAM na picha. Isitoshe, E8400 iliundwa kwa ufundi wa nanomita 45 na i3-2100 kwa ule wa nanomita 32, ambao hutumia umeme vizuri zaidi.

Ikichukuliwa kwa mfano kwamba tofauti kati ya mashine mbili ni wati 20, na kila moja inawashwa saa nane kwa siku, hiyo ni uniti 58 za umeme kwa mwaka. Mwenye saiba ya mashine kumi atakuwa amelipia uniti 580 ambazo hazikumletea senti.

Mgala muue na haki umpe

Pamoja na hayo, si haki kusema E8400 haina thamani. Kwa kuandika barua, kujaza fomu, kutunza hesabu za duka au kumfundisha mtoto kuandika kwa kibodi, prosesa hiyo bado inatosha.

Aidha, mara nyingi kinachoifanya tarakilishi kuukuu ijikokote si prosesa, bali ni diski. Diski ya zamani ina bamba linalozunguka na kidole kinachotafuta data huku na kule. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, hivyo hupata faili ndogondogo kwa kasi isiyoweza kulinganishwa.

E8400 yenye SSD na RAM ya gigabaiti 4 itawaka na kufungua programu upesi kuliko i3-2100 yenye diski ya zamani. Mwenye pesa kidogo ajue kwamba shilingi yake ya kwanza iende kwenye SSD.

Tatizo ni kwamba mashine nyingi za E8400 zilijengewa RAM ya aina ya DDR2. Aina hiyo imepitwa na wakati, na kuipata katika vipande vikubwa ni shida na gharama. DDR3 haiingii katika tundu lake. Anayeamua kununua E8400 ahakikishe kwanza kwamba bodi yake ni ya DDR3, kwani zipo.

Isitoshe, bodi ya i3-2100 huweza kupokea prosesa kubwa zaidi za kizazi chake, kama i5-2400 yenye viini vinne halisi. E8400 nayo inaweza kupisha Core 2 Quad, lakini mnunuzi atakuwa anatia viraka kwenye nguo ya zamani zaidi.

Suala la Windows

Microsoft ilikoma kutoa huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo huhitaji rasmi, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2017. E8400 na i3-2100 zote zimeachwa nje.

Tofauti ni kwamba toleo la Windows 11 la mwaka 2024, liitwalo 24H2, haliwezi hata kuwaka katika E8400, kwa kuwa prosesa hiyo haielewi baadhi ya maagizo ya lazima. Wapo mafundi wanaoiingiza Windows 11 kwenye i3-2100 kwa njia za mkato, lakini Microsoft haiidhinishi jambo hilo wala haitoi hakikisho kwamba masasisho yataendelea kupatikana.

Kwa sababu hiyo, njia salama kwa prosesa hizi mbili ni mfumo wa Linux, mathalan Linux Mint au Lubuntu, ambao ni wa bure na bado hupokea marekebisho ya usalama. Anayelazimika kutumia Windows, hasa kwa shughuli za benki na nywila za wateja, afadhali asubiri na kuweka akiba hadi amudu mashine ya kizazi cha nane.

Uamuzi

Ikiwa tofauti ya bei kati ya mashine hizo mbili ni ndogo kuliko bei ya SSD, mnunuzi achukue i3-2100 bila kusita. Ikiwa tofauti ni kubwa kiasi cha kununua SSD na RAM kwa pamoja, na kazi yenyewe ni ya kuandika na kujaza fomu tu, E8400 ya bodi ya DDR3 inaweza kumfaa.

Kwa mwanafunzi wa chuo anayetarajia kuitumia mashine miaka minne, wala kwa saiba, E8400 haifai hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Jambo la mwisho ni kutonunua jina. Neno Core i3 pekee halitoshi. Katika prosesa hizi za zamani, tarakimu ya kwanza kati ya nne zinazofuata kistari ndiyo huonyesha kizazi: i3-2100 ni cha pili, i3-3220 cha tatu na i3-4130 cha nne. Yenye tarakimu tatu, kama i3-530 ya mwaka 2010, ni ya kizazi cha kwanza.

Vibandiko hubanduliwa na kubandikwa. Mnunuzi aombe mashine iwashwe mbele yake, asome mwenyewe jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM na aina ya diski katika ukurasa wa maelezo ya mfumo, kisha ndipo atoe pesa mfukoni.