Kilimanjaro: bei ikishuka, anayebeba tofauti ni mgumu

Bidhaa inayouzwa Kilimanjaro ni siku. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi huko humpa mtu karibu nusu ya oksijeni anayoipata Tanga au Mombasa. Mwili huzoea, ila unataka muda. Ndiyo maana njia ya Machame huuzwa kwa siku sita au saba, Lemosho saba au nane, na Marangu, yenye vibanda vya kulala, tano au sita. Kila siku ya ziada humwongezea mgeni nafasi ya kufika kileleni, na humwongezea wakala gharama.

Tuanze na ada. Kwa viwango vya hifadhi vya miaka ya karibuni, mgeni mtu mzima asiye mkazi hulipa dola 70 kwa siku, dola 50 kwa kila usiku wa kambi na dola 20 za uokoaji. Safari ya siku saba kupitia Machame ina usiku sita: 490, 300 na 20, jumla 810. Ukiweka na VAT ya asilimia 18, unafika takriban dola 956. Hapo hakuna wakala anayepewa punguzo.

Baada ya ada ni watu. Wageni wawili wanaolala kwenye mahema huhitaji wapagazi saba au zaidi, mpishi, na mwongozaji mwenye leseni, ambaye bila yeye hakuna anayeruhusiwa kupanda. Viwango ambavyo serikali, mawakala na vyama vya wapagazi vimevijadili kwa miaka mingi ni dola 10 kwa siku kwa mpagazi, 15 kwa mpishi na 20 kwa mwongozaji. Kwa siku saba, wapagazi saba ni dola 490, mpishi 105, mwongozaji 140. Jumla ni 735, karibu 368 kwa kila mgeni. Jumlisha na ada, umefika dola 1,324. Bado hujanunua nyanya sokoni Mbuyuni, hujaweka mafuta kwenye gari la kwenda getini, hujalipia hoteli ya Moshi, mahema wala kodi.

Sasa mchukue wakala anayetangaza safari hiyohiyo kwa dola 1,300. Ada hawezi kuigusa. Anachoweza kugusa ni chakula cha timu, idadi ya watu na ujira wao. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi; Kilimanjaro, mzigo wa bei rahisi hupewa mgumu, kama wapagazi wa mlima huo wanavyoitwa.

Asubuhi kwenye geti la Machame unaona upande wa biashara hii uliowekewa utaratibu. Wagumu hujipanga na mizigo: mahema, mitungi ya gesi, viti vya kukunja, trei za mayai, mabegi ya wageni yaliyotiwa ndani ya mifuko ya kuzuia mvua. Mzigo mmoja baada ya mwingine unapandishwa kwenye mizani. Ukizidi kilo 20, upunguzwe au mtu aongezwe. Mwongozaji aliyezidisha hutoka nje ya geti, ambako vijana wamekaa tangu alfajiri wakingoja bahati kama hiyo, na kumwita mmoja.

Timu hiyo ikishuka kwa geti la Mweka, malipo hayana mizani. Mgumu hulipwa na ofisi au na mwongozaji, wakati mwingine baada ya kuzungushwa. Bakshishi ya wageni huweza kukabidhiwa kwa bahasha moja, na mgawo wake ukategemea uaminifu wa aliyeipokea.

Tatizo hili linagusa uchumi wa mkoa mzima. Utafiti wa mashirika ya ODI na SNV uliotoka 2009 ulikadiria kwamba wapandaji 35,000 hadi 40,000 kwa mwaka walikuwa wakitumia nchini karibu dola milioni 50, na kwamba asilimia 28 ya fedha hizo ziliwafikia watu wa kipato cha chini. Kwenye safari za kuona wanyama za Kaskazini ilikuwa asilimia 18. Sehemu kubwa ya faida hiyo ya mlima ni ujira na bakshishi, yaani palepale panapokatwa bei inaposhuka.

Hofu ya kupotea kwa ujira huo ilisikika serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba inafikiria kujenga kebo ya kupandisha watalii. Mawakala na wapagazi waliipinga: mgeni anayepanda asubuhi na kushuka jioni hahitaji mpishi wala watu wa kumbebea hema.

Wapo mawakala wanaojirekebisha. KPAP, mradi ulioanza 2003 na wenye ofisi Moshi, huwaazima wagumu nguo za baridi bure na kuorodhesha makampuni yanayokubali kufuatiliwa: ujira, chakula, malazi na mgawo wa bakshishi. Lakini kujiunga ni hiari, na mteja anayelinganisha bei akiwa ughaibuni haoni kilichomo ndani ya tofauti ya bei.

Njia ya kuziba pengo ipo karibu. Hifadhi tayari huandikisha kila mgumu anayepita getini, hivyo inajua nani amepanda na kwa siku ngapi, na fedha kwa simu huacha rekodi. Wakala angetakiwa kuonyesha malipo ya safari iliyopita kabla ya kupewa kibali cha inayofuata. Anayeuza kwa dola 1,300 angelazimika kupandisha bei au kufunga ofisi, na anayelipa ipasavyo asingeendelea kunyang'anywa wateja na mwenzake anayepata punguzo lake mfukoni mwa mgumu.